Nani anasukuma mkondo? Uzi kuhusu kuunga ishara za volti na miliampea kwenye moduli za analogi

#1 Mwanzisha uzi, Njiro, Arusha

Wana jukwaa, salamu. Wiki iliyopita niliitwa saa tatu usiku kwenda shamba moja la maua upande wa USA River, kwa sababu skrini ya chumba cha pampu ilisema tangi la juu limejaa pomoni, ilhali walinzi wa zamu walikuwa wamesimama chini ya tangi hilo hilo wakiligonga kwa rungu na kusikia mlio wa debe tupu. Pampu ilikuwa imejizima kwa utiifu, kama ilivyoagizwa, na maua hayakuwa yamepata maji tangu alasiri. Nilipofungua kabati nilikuta kazi safi kuliko nyingi nilizowahi kuziona: waya zina namba, skrubu zimekazwa, na transmita mpya ya kina cha maji (kifaa kinachopima na kupeleka kipimo kama ishara ya umeme) imeungwa bila hata unyuzi mmoja wa shaba kuchungulia nje.

Kosa lilikuwa moja tu, nalo halionekani kwa macho. Transmita ilikuwa ya waya mbili, ya miliampea 4 hadi 20, na chaneli (mlango wa moduli wa kuingizia ishara) iliyopokea waya wake ilikuwa ya volti 0 hadi 10.

Ninaanzisha uzi huu kwa sababu kosa hilo nimekutana nalo mara tatu mwaka huu kati ya Unga Limited na Themi, na kila mara aliyelifanya alikuwa fundi anayejua umeme vizuri. Anayejua umeme wa volti 230 amezoea kuuliza waya upi ni wa moto na upi ni nyutro. Kwenye moduli ya analogi, kile kipande kinachogeuza ishara kuwa namba, maswali hayo hayatoshi. Kabla ya kugusa bisibisi unapaswa kujiuliza kinachosafiri kwenye waya ni volti au ni mkondo, kisha ujiulize ni nani anayeusukuma: kifaa kilichoko nje, moduli yenyewe, au saplai iliyoko kabatini.

Tuanze na lile tangi. Chaneli ya volti imetengenezwa ili isinywe mkondo, na ukinzani wake wa ndani huanzia omu 100,000 hadi kufikia milioni na zaidi. Transmita ya waya mbili, kwa upande wake, haiwezi kuishi bila kupitisha takribani miliampea 4, kwa kuwa huo ndio mlo wake. Ukitaka kupitisha miliampea 4 kwenye omu 100,000 utahitaji volti 400, na saplai ya kabatini ina volti 24 tu. Kwa hiyo transmita huvuta kadiri inavyoweza, karibu volti zote hulundikana kwenye chaneli, chaneli inapita kikomo chake cha volti 10, na programu inasoma kwamba tangi limejaa hata kama ndani yake kuna popo.

Dawa ya usiku ule ilikuwa rezista ya omu 500 kati ya chanya na hasi ya chaneli. Miliampea 4 zikipita kwenye omu 500 zinazaa volti 2, na miliampea 20 zinazaa volti 10. Kwenye PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo) kama Siemens S7-1200 CPU 1214C, ambayo chaneli zake mbili za analogi zilizomo mwilini ni za volti 0 hadi 10, volti 10 husomwa kama namba 27648. Maana yake ni kwamba tangi tupu litasomeka takribani 5530, wala si sifuri, na programu ianzie hapo. Asiyefanya hivyo atakuwa na tangi ambalo daima lina moja ya tano ya maji ambayo hayapo. Rezista yenyewe inapata joto la wati 0.2 kwenye miliampea 20, kwa hiyo nunua ya nusu wati au zaidi, na usiridhike na ile ya kawaida yenye kosa la asilimia 1. Kwenye tangi la mita 6, kosa hilo dogo linakuwa sentimita saba na nusu tangi likijaa, kwa kuwa volti 0.1 inagawanywa kwa upana wa volti 8, si 10. Tafuta ya asilimia 0.1. Kama moduli yako ina chaneli ya miliampea, rezista imo ndani tayari, mara nyingi ya omu 250 au pungufu, na kazi yako ni kuichagua kwenye programu au kwenye swichi ndogo za ubavuni.

Sasa swali la nani anasukuma. Transmita ya waya mbili haina umeme wake. Mkondo unatoka kwenye chanya ya saplai, unaingia kwenye chanya ya transmita, unatokea kwenye hasi yake, unaingia kwenye chanya ya chaneli, unatokea kwenye hasi ya chaneli, na kurudi kwenye hasi ya saplai. Wazee wa Kilimanjaro wenye mifereji wataelewa haraka: maji yanayoingia juu ya mfereji ndiyo yatakayotokea chini, uwe mrefu uwavyo, isipokuwa kama kuna aliyeyachepusha njiani. Kifaa cha waya nne, kwa mfano mita ya maji ya sumaku inayotumia volti 230, mara nyingi kina umeme wake na kinasukuma mkondo chenyewe. Chanya yake huenda kwenye chanya ya chaneli, hasi kwenye hasi, na saplai ya kabatini haihusiki hata kidogo. Ukikiingizia saplai ya pili, mtakuwa watu wawili mnaosukuma mkokoteni mmoja bila kusikilizana.

Namna ya kujua ni rahisi. Acha waya zinazotoka nje zikiwa hazijaungwa, weka maltimita kwenye volti za DC, na upime. Ukikuta volti, kifaa kile kinasukuma. Usipokuta, kinasubiri kulishwa. Kisha pima na terminali za moduli, kwa sababu zipo moduli zinazotoa volti 24 zenyewe kwenye chaneli.

Nikiri na la kwangu. Miaka michache iliyopita nilibadilisha transmita juu ya ngazi bila kuzima saplai, kwa kuwa nilidhani volti 24 hazina madhara. Ndani ya kile kiboksi cha maungio, ncha mbili za waya ziligusana kwa muda ambao mtu anatumia kupiga chafya mara mbili. Volti 24 zote ziliangukia kwenye rezista ya omu 250 ya chaneli, ambayo ni miliampea 96 na wati 2.3, juu ya kijirezista kilichotengenezwa kwa sehemu ndogo ya joto hilo. Niliposhuka nilikaribishwa na harufu. Chaneli ilikufa na moduli nzima ikabadilishwa, na bei yake nilikatwa. Tangu siku hiyo kila chaneli ninayoiunga ina fyuzi yake ya miliampea 50.

#2 Fundi wa pampu, Moshi

Mkuu, ahsante kwa somo. Mimi nina tatizo linalokaribiana na hilo, ila halina moshi. Nina sensa ya presha ya bar 0 hadi 10, inatoa volti 0 hadi 10, ya waya tatu: chanya ya volti 24, hasi, na ishara. Kutoka kwenye sensa hadi kabatini kuna mita 180 za kebo ya milimita mraba 0.75. Bomba likiwa tupu kabisa, valvu ya kutolea maji ikiwa wazi, skrini inaonyesha bar 0.14. Nimebadilisha sensa, namba ikabaki ile ile. Nimebadilisha chaneli, ikabaki ile ile. Mwenye kiwanda ananiambia nitoe 0.14 kwenye programu yaishe, lakini moyo wangu haujakubali.

#3 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, moyo wako uko sahihi, na ninakushukuru kwa kuleta namba kamili badala ya kusema tu kwamba inasoma vibaya. Tazama kibandiko cha sensa, utaona inakunywa kiasi gani. Sensa nyingi za namna hiyo zinakunywa miliampea 20 hadi 30. Tuchukue 30. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.75 wenye nyuzi laini una ukinzani wa takribani omu 26 kwa kilomita, kwa hiyo waya wako wa hasi wa mita 180 una omu 4.7 hivi. Miliampea 30 za chakula cha sensa zinarudi kwa kupitia waya huo huo wa hasi ambao ishara pia inautegemea, na omu 4.7 mara ampea 0.03 ni volti 0.14.

Sensa yako haisemi uongo. Inatoa volti 0.00 ukipima kwenye terminali zake, kati ya ishara na hasi yake. Lakini hasi ya kule nje imepanda juu kwa volti 0.14 kuliko hasi ya kabatini, na moduli, ambayo haina habari ya kule nje, inapima kuanzia hasi ya kabatini. Panda ukapime sehemu zote mbili, nje na ndani, utaziona namba hizo kwa macho yako.

Kutoa 0.14 kwenye programu kutafanya kazi hadi siku mtu atakapounga taa ya ishara au sensa ya pili kwenye kebo hiyo hiyo, ndipo namba itabadilika tena na hakuna atakayekumbuka kwa nini kulikuwa na 0.14 pale. Njia ya haki ni kupeleka waya wa nne kutoka kwenye hasi ya sensa hadi kwenye hasi ya chaneli, waya ambao haubebi chakula cha mtu yeyote, bali unapeleka habari tu. Sharti lake ni moduli iwe ya aina inayopima tofauti kati ya chanya na hasi ya chaneli yenyewe. Kama hasi zote za chaneli zimeungwa pamoja ndani ya moduli na kwenda moja kwa moja kwenye hasi ya saplai, waya wa nne utageuka kuwa njia ya pili ya chakula, na kosa litapungua kwa nusu tu.

Kama ungekuwa na transmita ya miliampea, usingekuwa na swali hili. Kebo yako, kwenda na kurudi, ina omu 9 na ushei. Saplai ya volti 24 ikiiachia transmita volti 12 inazohitaji ili iishi, zinabaki volti 12, ambazo kwenye miliampea 20 zinaruhusu jumla ya omu 600 njiani. Moduli ikichukua 250, bado kuna nafasi ya kebo ndefu mara thelathini na zaidi ya yako. Ndiyo maana mimi, kwa umbali unaozidi ukuta wa chumba cha kabati, sipendi volti. Ndani ya kabati, kutoka kwenye inveta (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota) kwenda kwenye PLC iliyo jirani, volti 0 hadi 10 haina ubaya.

#4 Mzee wa karakana, Moshi

Mwanzisha uzi, umeandika vizuri, lakini kuhusu fyuzi umejidanganya, na wasomaji wako watajidanganya pamoja nawe. Fyuzi haikatiki pale tu mkondo unapopita namba iliyoandikwa. Umesema mwenyewe kwamba ncha zikigusana zinapita miliampea 96. Kwa fyuzi ya miliampea 50 hiyo si hata mara mbili, na vile vifyuzi vya kioo vya milimita 20 vinaweza kuvumilia kiasi hicho kwa dakika nyingi, muda ambao rezista yako itakuwa imeshakuwa mkaa. Weka ya miliampea 32. Fyuzi ndogo hivyo ina ukinzani wake unaoonekana kwenye mita, kwa hiyo mkondo utapungua kidogo chini ya 96, lakini bado utazidi mara mbili na nusu ya uwezo wake, na itakatika upesi. Ukinzani huo hauharibu kipimo, kwa sababu kwenye mzunguko wa miliampea mkondo ni ule ule kila mahali. Unapunguza tu bajeti ya volti uliyoieleza hapo juu. Usiiweke fyuzi hiyo kwenye waya wa ishara ya volti ukidhani ni kitu kile kile. Pale haina cha kulinda.

Isitoshe, terminali zenye kisu cha kufungua zipo madukani, na kufungua kisu kabla ya kupanda ngazi hakugharimu kitu.

La pili ni kwa vijana. Mnapoandika programu, msiishie kwenye 4 na 20. Pendekezo la NE 43 la NAMUR, umoja wa watumiaji wa vifaa vya udhibiti viwandani, ambalo watengenezaji wengi wa transmita wanalifuata, linasema kipimo halali kiwe kati ya miliampea 3.8 na 20.5, na kwamba transmita iliyoharibika ijitangaze kwa kushuka hadi 3.6 au chini yake, au kwa kupanda hadi 21 au zaidi. Hiyo ndiyo faida ya kuanzia 4 badala ya sifuri: tangi tupu na waya uliokatwa na panya havifanani. PLC iliyoagizwa kusimamisha pampu ishara inapovuka mipaka hiyo, na kuwasha taa ya hitilafu, isingewaacha watu wa USA River wakigonga tangi kwa rungu. Chaneli ile ilikuwa imepita kikomo, na programu ilikuwa na uwezo wa kulijua hilo kama mtu angeiuliza.

#5 Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee. Hesabu ya fyuzi nimeirudia usiku huu na nimeona nilipokosea. Nilichagua 50 kwa sababu ndizo zilizokuwa dukani. Nitabadilisha zote, na ile kauli yangu ya mwisho kwenye #1 isomwe pamoja na #4.

#6 Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, Arusha

Shikamooni wakubwa. Mimi ni binti niliyeko kwenye mafunzo kwa vitendo katika kiwanda kimoja cha chakula hapa mjini, na nimepewa kazi ambayo wenzangu wameikimbia. Transmita ya joto la tangi la maziwa inatoa miliampea 4 hadi 20, na kwenye skrini joto linapanda na kushuka polepole kwa nyuzi moja na nusu, kama mtu anayehema. Inveta ya kichanganyio ikiwashwa, kuhema kunageuka kuwa kuruka ovyo. Nimeambiwa shildi ya kebo (wavu wa chuma unaozuia kelele za umeme) iungwe ethi pande zote mbili, na mwingine ameniambia isiungwe popote. Moduli yenyewe ilinunuliwa ikiwa imetumika, kutoka Marekani. Nianzie wapi, tafadhali?

#7 Mzee wa karakana, Moshi

Marahaba binti yangu. Umejibu nusu ya swali lako mwenyewe uliposema Marekani. Ingia kwenye mipangilio ya moduli na utazame kichujio kimewekwa kwenye mzunguko upi. Moduli ya analogi inayojumlisha ishara kwa muda maalumu kabla ya kutoa namba inaweza kufuta kelele ya umeme wa nyumbani, iwapo muda huo unalingana kabisa na wimbi moja zima. Umeme wetu ni wa hezi 50, wimbi lake ni milisekunde 20, na katika muda huo nusu ya juu na nusu ya chini zinafutana. Wenzetu wana hezi 60, wimbi la milisekunde 16.7. Moduli iliyobaki na mpangilio wa kwao inakata wimbi letu kabla halijamalizika, na kila mara inabakiza kipande tofauti, ndicho hicho unachokiona kikihema.

Kuhusu shildi, kwa kebo ya ishara za polepole kama joto na kina, iunge upande mmoja tu, kabatini, kwa kibano kinachoishika shildi mzunguko mzima, si kwa mkia mrefu wa waya uliosokotwa. Upande wa nje ikate na uifunge kwa utepe ili isiguse chuma.

#8 Mwanzisha uzi

Ninaongeza kwenye maneno ya mzee. Dada, kabla hujahangaika na kebo, itoe transmita kwenye hesabu. Zima saplai, ondoa waya za transmita kule nje, na mahali pake unga rezista ya omu 1,800. Pamoja na omu 250 za moduli inakuwa 2,050, na volti 24 zitapitisha miliampea 11.7, ambazo ni asilimia 48 ya kipimo. Namba hiyo ikitulia kwenye skrini, kebo na moduli ni wazima na transmita ndiyo mtuhumiwa. Ikiendelea kuhema, transmita haina hatia. Rezista hiyo inauzwa kwa bei ya andazi, na mimi huibeba kwenye mfuko wa shati.

Kuhusu inveta, kebo ya mota na kebo ya ishara zisilale kitanda kimoja. Ziachanishe kwa sentimita 20 hadi 30 na zaidi ikiwezekana, na zikilazimika kupishana, zipishane kama njia panda, kwa pembe mraba. Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na waliokwambia kuhusu pande mbili: hawakuwa wajinga, walichanganya kebo. Shildi ya kebo ya mota inayotoka kwenye inveta ndiyo inayopaswa kuungwa pande zote mbili, kwenye inveta na kwenye mwili wa mota, ili kelele za masafa ya juu zipate njia ya kurudi zilikotoka badala ya kuzurura kiwandani. Ya ishara ukiiunga pande mbili, na ethi za pande hizo hazina volti sawa, shildi yenyewe inakuwa waya wa kupitisha umeme. Niliwahi kupima kati ya nguzo ya ethi ya tangi na ile ya kabati, nikapata zaidi ya volti 3 za AC, na hakukuwa na radi wala mvua siku hiyo.

#9 Mzee wa karakana, Moshi

Hizo volti 3 ndizo zinazoua moduli za bei nafuu wakati mafundi wanalaumu transmita. Chaneli inayopima tofauti haivumilii kila tofauti, hata iwe kubwa kiasi gani. Kuna kikomo cha volti kati ya hasi ya chaneli moja na hasi ya nyingine, au kati ya hasi na ethi ya moduli, na kikomo hicho kimeandikwa kwenye kitabu chake. Ukiwa na vifaa viwili vya waya nne, kimoja ethi yake iko Mashariki na kingine Magharibi, na chaneli hazijatenganishwa ndani, weka kitenganishi cha ishara katikati. Kwa kebo zinazokwenda nje ya jengo ongeza kizuia radi pande zote mbili, hasa kabla ya masika. Chaneli ambazo hazitumiki zizime kwenye programu, au fuata kitabu kinavyoelekeza kuzifunga. Chaneli ya volti iliyoachwa wazi inaokota kila kinachopita hewani na kukuletea namba za ajabu.

#10 Fundi wa maji, Sakina, Arusha

Wakuu, naomba nichangie kisa kimoja ambacho kilinipotezea siku mbili, kwa sababu kilivaa nguo za kosa la waya. Nilifunga sensa ya kina cha maji ya kuzamisha, mita 0 hadi 6, miliampea 4 hadi 20. Tangi lilikuwa na maji ya mita moja, na mita yangu ilisoma miliampea 3.8. Nikaamini kuna mahali mkondo unachepuka. Nilifungua kila maungio, nikabadilisha glandi (kikazio cha kebo inapoingia kwenye kiboksi), nikapima kila kipande cha kebo, nikawalaumu panya ambao hawakuwepo. Maji yalipofika mita moja na nusu na kidogo, sensa ikaamka na kuanza kupanda vizuri kabisa.

Mtu mmoja aliyenizidi umri akaniuliza kama kebo ya sensa ina kamrija ka hewa katikati ya waya. Haikuwa nako. Sensa yenye kamrija hulinganisha presha ya maji na hewa ya mahali ilipo. Yangu ilikuwa imefungwa kiwandani ikiwa na hewa ya usawa wa bahari ndani yake, ambayo ni bar 1.013. Hapa Arusha tuko takribani mita 1,400 juu ya bahari, na hewa yetu ina bar 0.86 hivi. Tofauti ya bar 0.15 ni sawa na maji ya mita moja na nusu, kwa hiyo mita moja na nusu ya kwanza ilikuwa inatumika kulipa deni la mwinuko. Moshi mko chini kidogo, deni lenu ni dogo, lakini lipo. Na kwa wenye sensa za kamrija, msikazibe kwa silikoni kule kabatini mkidhani ni tundu la bahati mbaya. Kaacheni kapumue ndani ya kiboksi kikavu.

#11 Mwanzisha uzi

Kaka wa Sakina, hicho kisa sikuwahi kukifikiria. Nina sensa mbili za aina hiyo dukani na kesho asubuhi nitazitazama kebo zake kabla ya kumfungia mtu.

#12 Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, Arusha

Wakubwa, nimerudi na majibu. Kichujio kilikuwa hezi 60. Kabla ya kukigusa niliweka rezista ya omu 1,800 kama nilivyoelekezwa, na skrini iliendelea kuhema, kwa hiyo transmita ikaachiwa huru. Nilipoweka hezi 50, namba ilitulia kwenye asilimia 48 na haikutikisika tena inveta ikiwa imezimwa. Inveta ikiwaka bado kuna kuruka kidogo, kama sehemu mbili za kumi za nyuzi. Kebo ya ishara imefungwa kwa vibano vya plastiki pamoja na kebo ya mota kwa urefu wa trei nzima, na nimeambiwa nisubiri Jumapili kiwanda kikisimama ndipo niihamishe.

Swali dogo: maltimita ya kiwanda haisomi tena miliampea. Volti inasoma vizuri.

#13 Mzee wa karakana, Moshi

Fungua mgongo wake utazame fyuzi. Kuna aliyeiacha kwenye miliampea kisha akaenda kupima volti 24 za saplai, na hapo mita inakuwa kipande cha waya tu. Kila karakana ina mtu huyo, na hajawahi kukiri.

#14 Fundi wa pampu, Moshi

Ndugu wana jukwaa, nimepima kama nilivyoelekezwa kwenye #3. Kwenye terminali za sensa: volti 0.00. Kabatini: volti 0.14. Kibandiko kinasema sensa inakunywa miliampea 30, sawasawa na makadirio. Kitabu cha moduli kinasema chaneli zake zinapima tofauti, kwa hiyo nikaagiza kebo mpya yenye waya nne na kumpa mwenye kiwanda gharama ya kuchimba mtaro wa mita 180, naye akakunja uso kama inavyotarajiwa.

Leo asubuhi, kabla ya vibarua kuanza kuchimba, nilifungua glandi ya sensa ili niandae mahali pa kuingiza kebo mpya. Nikamenya ganda la kebo ya zamani sentimita tano zaidi. Waya wa nne ulikuwa mle ndani tangu siku ya kwanza, wa rangi ya kijani, umekunjwa nyuma na kuzungushiwa utepe mweusi. Kule kabatini nao ulikuwa umekunjwa vivyo hivyo. Nimeuunga kutoka hasi ya sensa hadi hasi ya chaneli, nimeondoa kipande kilichokuwa kimeunganisha hasi ya chaneli na hasi ya saplai, na skrini inaonyesha bar 0.00. Vibarua nimewalipa nusu siku.